Kompyuta ya Z80 juu ya Meza ya Fundi Simu: Yasemwayo na Ukweli Wake

Haipiti wiki bila mteja kuinama juu ya meza yangu hapa Malindi, akaiona chipu nyeusi yenye miguu arubaini imezungukwa na nyaya za kila rangi, akauliza: “Fundi, hii ni redio gani?” Si redio. Ni kompyuta ninayoiunda mwenyewe, na prosesa yake, yaani chipu inayosoma amri na kuzitekeleza, ni Z80, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Nikishasema hivyo huanza maneno, na mengi hayana ukweli. Nayaandika kwa sababu nimewaona vijana wenye mikono mizuri wakiyasikia na kuacha kabla hawajagusa waya hata mmoja.

“Chipu za zamani hazipatikani, na zikipatikana ni mbovu”

Kampuni ya Zilog ilitangaza kuacha kuitengeneza Z80 ya kawaida mwaka 2024 tu, baada ya karibu miaka hamsini. 6502, prosesa nyingine ya kale ya mwaka 1975, bado inatengenezwa na kampuni ya Western Design Center katika toleo la CMOS, yaani utengenezaji wa chipu unaonywa umeme kidogo. Kwa hiyo zipo.

Cha kuogopa ni za kughushi. Kuna wanaosugua maandishi ya chipu wakachapa mengine, na Z80 ya NMOS, utengenezaji wa kale unaonywa umeme mwingi, ikaitwa Z84C00, ambalo ni jina la toleo la CMOS. Tofauti yake ni kubwa kwa anayejifunza. Prosesa hupiga hatua kwa mapigo ya umeme inayopewa kutoka nje, na ile ya CMOS unaweza kuisimamishia mapigo hayo kabisa na ikakumbuka ilipofikia. Ya NMOS ukiipunguzia mapigo kupita kiasi inapoteza yale iliyokuwa ikiyashika ndani. Basi mimi chipu mpya naipima kwanza kwa mita. Ikinywa umeme mwingi na mgongo wake kupata joto wakati haina kazi ya maana, siyo CMOS, hata iwe imeandikwa nini.

“Lazima uwe umesomea uhandisi”

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana jaribio la kwanza halihitaji hata memori, yaani chipu ya kuhifadhi programu.

Z80 ikiwashwa na kuwekwa sawa, huenda anwani 0, yaani namba ya nafasi ya kwanza ya memori, kuuliza ifanye nini. Sasa zichukue njia zake nane za data, kila moja uifunge kwenye grandi kwa rezista. Kila itakapouliza itasoma 00, na kwa Z80 amri ya 00 maana yake ni usifanye kitu, songa mbele. Inakuwa kama mtu anayepita nyumba hadi nyumba akipiga hodi, na kila mlango anajibiwa “hamna kitu, pita.” Itazipita anwani zote 65,536, kisha irudi sifuri na kuanza tena. Weka taa ndogo za LED kwenye njia za anwani, kila moja na rezista yake, na utaiona ikihesabu mbele ya macho yako.

Kijana ninayefanya naye kazi aliiunganisha siku moja, akaipa mapigo kumi kwa sekunde. Ilihesabu vizuri kwa sekunde hamsini hivi, halafu taa ya nane ikaanza kuwaka na kuzima kama iliyolegea. Akaniambia, “Fundi, waya umeachia,” akataka kuuchomoa. Nikamshika mkono. Kila amri hapo inachukua mapigo manne. Katika mawili ya kwanza prosesa inaonyesha anwani inayosoma. Katika mawili ya mwisho inatoa namba nyingine, ya kuamshia zile aina za memori zinazosahau zisipoguswa. Namba hizo mbili huanza pamoja sifuri na kwenda sambamba, lakini ile ya pili inahesabu kwa biti saba tu. Ikifika 127 inarudi sifuri, nayo anwani inaendelea hadi 128, ambapo taa ya nane ndiyo huwaka. Ndipo wawili hao wanapoachana, na taa inawaka kwa mmoja na kuzima kwa mwingine. Alikaa akiitazama mpaka mteja wake akachoka kungoja. Hakuna simu niliyowahi kuifungua inayokuonyesha moyo wake namna hiyo.

“Ikikataa kuwaka, prosesa imeungua”

Mara nyingi prosesa ni nzima. Tazama kwanza miguu iliyoachwa hewani: INT, NMI, WAIT na BUSREQ, ambayo ni miguu ya kuiita au kuisimamisha prosesa, lazima ivutwe kwenye volti 5, rezista ya kilo-omu 10 inatosha. Mguu usio na pa kushika hudaka kila kelele iliyo hewani, na prosesa ikadhani imeitwa. Kisha tazama RESET, mguu wa kuirudisha prosesa mwanzo. Ni lazima ishikwe chini kwa mapigo matatu kamili au zaidi, na kama umeweka pigo moja kwa sekunde, basi ni sekunde tatu za kubonyeza. Wengi hubonyeza na kuachia papo hapo, wakalaumu chipu. Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 karibu na kila chipu.

Sisi wa pwani tuna na chumvi. Miguu ya chipu za kale huja myeusi, na vibanio vya bredibodi, ule ubao wa kuchomekea chipu na nyaya bila kulehemu, hupata kutu kabla ya mwaka. Raba ya shule na spiriti vimenifufulia chipu nyingi zilizosemwa zimekufa.

Kinachoua kweli ni kugeuza umeme. Z80 hupokea volti 5 mguu wa 11 na grandi mguu wa 29, si kwenye pembe kama chipu nyingi ulizozizoea. Hesabu miguu mara mbili.

“Hewa ya pwani ina unyevu, umeme tuli hauwezi kuiua chipu”

Unyevu huupunguza, hauumalizi. Gusa chuma kilichofungwa grandi kabla ya kuishika.

“Inataka stima nyingi”

Chaja ya simu ya volti 5 inatosha. Stima ikikatika natumia pawabanki, ila zipo zinazojizima zikiona mzigo ni mdogo mno, na kompyuta hii ni mzigo mdogo kweli.

“Mambo haya yako mbali na Malindi”

Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, jirani na hapa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Prosesa ya kwanza kuuzwa madukani ikiwa chipu moja, Intel 4004, ilitoka mwaka uliofuata. Aliyeongoza usanifu wake ni Federico Faggin, Mtaliano wa Vicenza, ambaye baadaye alianzisha Zilog na kuileta Z80.

“Bila programu za kununua haina kazi”

Programu yangu ya kwanza ina baiti saba, niliziandika kwenye daftari kabla ya kuzitia kwenye chipu ya memori ya 28C256, kwa namba za msingi wa kumi na sita: 3E 55 D3 00 C3 00 00. Chukua 55, itoe kwenye mlango namba 0, rudi mwanzo. Kwenye mlango huo niliweka chipu ya kushikilia data na taa nane. 55 hiyo ikiandikwa kwa biti ni 01010101. Nilipoachia RESET, taa nne ziliwaka na nne zikabaki gizani, moja ndani moja nje, kama nilivyoziandika.