Upolari: kwa nini maji hukubali spiriti na kukataa mafuta

Ukiuliza kwa nini mafuta ya kupikia hayachanganyiki na maji, jibu la haraka utakalopewa ni kwamba mafuta ni mepesi. Jibu hilo si sahihi, na inafaa liachwe. Spiriti safi (ethanoli) ni nyepesi kuliko mafuta ya nazi: lita yake moja haifiki gramu 800, ilhali lita ya mafuta ya nazi ina kama gramu 920. Pamoja na hayo, spiriti huingia majini kwa kiasi chochote na isionekane tena. Mafuta ya karafuu nayo ni mazito kuliko maji, huzama hadi chini ya chupa, na bado hayachanganyiki. Uzito huamua kipi kikae juu na kipi kikae chini, basi. Kuchanganyika ni suala la upolari.

Upolari ni hali ya molekuli kuwa na upande wenye chaji hasi kidogo na upande mwingine wenye chaji chanya kidogo. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Oksijeni huzivuta elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, kwake kuliko haidrojeni, na kwa kuwa molekuli yenyewe imepinda, pembe yake ikiwa kama nyuzi 104.5, chaji hizo hazifutani. Hivyo kila molekuli ya maji huwa kama kisumaku: upande wa haidrojeni wa hii huvutwa na upande wa oksijeni wa ile. Mvutano huo si mdogo. Methani, gesi ambayo molekuli yake inakaribiana sana kwa uzito na ya maji, haina upolari, nayo huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Maji mpaka yafike 100.

Kitu kikitiwa majini, la kuuliza ni kama kina mahali pa kushikana na maji. Sukari inapo pengi, ndiyo maana lita moja ya maji yasiyo ya moto huweza kuyeyusha takriban kilo mbili zake. Chumvi huachana ikawa chembe zenye chaji, kila chembe ikazungukwa na maji. Spiriti ina mkia mfupi wa kaboni, na kwenye ncha oksijeni na haidrojeni. Ncha hiyo inatosha. Mafuta ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, atomu ambazo hugawana elektroni karibu sawa kwa sawa. Si kwamba maji huyasukuma mafuta. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta, yasiyo na cha kushika, hubaki nje na kukusanyika pamoja.

Tui la nazi linaonekana kupinga maelezo haya, maana lina mafuta tele na maji tele, na ni jeupe lote. Kwa kweli mafuta yake hayajayeyuka. Ni matone madogo mno yaliyotawanyika. Kinachoyazuia yasiungane ni protini za nazi yenyewe, zilizolizunguka kila tone, sehemu zake za polari zikielekea majini na zisizo polari zikielekea kwenye mafuta. Liache tui lichemke bila kukoroga, au litie ndimu mapema: protini hupoteza umbo, matone huungana, tui hukatika. Kwa mpishi wa mchuzi ni hasara. Anayepika mafuta ya nazi huo ndio mwanzo wa kazi yake. Huendelea kuchemsha mpaka maji yakauke, kisha huchuja.

Vitu vilivyopatana sana ni taabu kuvitenganisha. Maji na spiriti, hata uvikeneke (yaani uvichemshe na kuupoza mvuke wake uwe kimiminika tena) mara ngapi kwa njia ya kawaida, utaishia na spiriti ya asilimia 95 au 96 hivi. Mafuta ya karafuu yana njia nzuri zaidi, na Pemba inatumika, kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Mafuta hukenekwa kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo peke yake huchemka kwenye nyuzi kama 254, lakini mvuke wa maji huitoa kwa joto lisilofika 100. Vimiminika viwili visivyochanganyika vikipashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Mivuke hiyo miwili ikijumlishwa hulifikia kanieneo la hewa, yaani msukumo wa hewa inayotuzunguka, mapema, na vyote viwili hupanda. Vikipozwa huachana tena: mafuta chini, maji juu.

Maji hayo ya juu hubaki yakinukia karafuu. Eujenoli ina jozi moja ya oksijeni na haidrojeni mwilini mwake, kwa hiyo gramu zake mbili hivi huyeyuka katika kila lita ya maji na kubaki humo. Ndiyo maana baadhi ya wakenekaji huyarudisha maji hayo kwenye pipa la kuchemshia badala ya kuyamwaga.