Je, wajua kwa nini mbegu ya stroberi huanzia kwenye friji kabla ya kuota Unguja?

Tunda moja la stroberi lina vichembe vipatavyo 200 juu ya ngozi yake, na kila kichembe kimebeba mbegu ndani. Kwa hesabu hiyo, tunda moja lililoiva sawasawa linatosha kitalu kizima. Lakini wengi wanaozimwaga mbegu hizo kwenye kopo la udongo uani hawaoni hata mche mmoja, wakadhani mbegu ni mbovu. Mara nyingi ni nzima. Inangoja baridi.

Stroberi kubwa za sokoni ni chotara wa Ufaransa wa karne ya 18: mmea wa Chile, ulioletwa na mhandisi Mfaransa, Frézier, mwaka 1714, ulichanganyika na mwenziwe wa Amerika Kaskazini. Huko Amerika Kaskazini kuna majira ya baridi kali, na mche unaochipua muda mfupi kabla yake hufa. Kwa hiyo mbegu hulala mpaka ipitiwe na wiki kadhaa za unyevu na baridi. Kipupwe chetu, hata kusi livume vipi, hakifiki huko.

Chukua tunda lililoiva mpaka limekuwa jekundu lote. Lichune ngozi nyembamba kwa kisu kikali, uianike kivulini juu ya karatasi siku mbili tatu, kisha uisugue kwa vidole. Vichembe vitadondoka vyenyewe. Vitie kwenye bilauri ya maji: vinavyoelea vitupe, vinavyozama viweke. Vifunge kwenye karatasi laini iliyoloa na kukamuliwa, tia kwenye kikopo chenye mfuniko, weka rafu ya chini ya friji wiki tatu hadi nne. Usiweke kwenye sehemu ya kugandishia. Umeme ukikatika saa chache hakuna dhara, mradi friji isifunguliwe.

Kosa la pili ni kuzifukia. Mbegu ya stroberi huota kwa mwanga. Loanisha udongo kwanza, zitawanye juu, zikandamize kwa kiganja zishike, basi. Funika chombo kwa plastiki inayopitisha mwanga, yenye matundu machache, na ukiweke penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Maji yapandie kutoka chini, kwa kukalisha chombo kwenye sinia lenye maji, maana ukimwagia juu mbegu zinahama. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora kuliko plastiki kwa sababu kinavuja jasho na kupoa, kama mtungi wa maji. Zitaota kati ya wiki mbili na sita, kwa hiyo usikate tamaa siku ya kumi.

Udongo wenyewe ndio unaowaangusha watu wengi zaidi hapa. Ardhi ya uwanda, ya mawe ya matumbawe, ina chokaa nyingi. Stroberi hushindwa kupata madini ya chuma humo, na majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mchanga wa pwani una tatizo hilohilo, na chumvi juu yake. Changanya vumbi la makumbi ya nazi sehemu mbili na mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Ila makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamenyonya maji ya bahari: loweka vumbi lake kwenye maji baridi, ukamue, urudie mara tatu nne. Stroberi haivumilii chumvi kabisa. Kama kisima chako kina maji ya chumvichumvi, kinga ya mvua.

Miche ikioza shingoni na kulala chini, hicho ni kinyausi: fungua plastiki hewa ipite, punguza maji. Ikifikisha majani matatu halisi, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza ya kuchipua, hamishia kila mmoja kwenye chombo cha lita mbili au tatu chenye matundu chini. Kitovu cha mche, pale majani yanapotokea, kikae usawa wa udongo. Kikizama kinaoza, kikiinuka mizizi inakauka.

Tangu kusia hadi maua ni miezi minne hadi sita. Ukitia mbegu friji mwezi wa Januari na kusia Februari ndani ya nyumba, mmea utakuwa tayari kipupwe, na hapo ndipo penye matumaini. Urefu wa mchana wetu, kama saa 12 mwaka mzima, hauna ubaya. Kizuizi ni joto: likipita nyuzi 28 au 30 aina nyingi huacha kutoa maua. Jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tano linafaa.

Kwa kuwa stroberi ya sokoni ni chotara, watoto hawafanani na mama. Kwa mkulima wa visiwani hilo ni jambo jema. Katika miche 40 mingi itakuwa dhaifu, lakini mmoja au wawili huenda wakastahimili joto kuliko wengine, na hao ndio wa kuwekwa. Joto linalozuia maua huchochea matawi ya kutambaa, nayo huzaa mmea uleule hasa. Bana tawi kwenye kikopo cha udongo kwa chelewa iliyokunjwa katikati, ulinyunyizie maji, na baada ya wiki tatu au nne, ukilivuta taratibu likakataa kung'oka, likate na mama yake.