Simbilisi Anayekojoa Damu Mara kwa Mara: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Simbilisi akikojoa damu, akapona, kisha damu ikarudi, mwenye naye hapa Mtwara au Lindi hupata ushauri kila kona kabla hajamfikia daktari wa mifugo. Wanaoutoa wana nia njema, lakini wengi uzoefu wao ni wa kuku na mbuzi. Mwili wa simbilisi una mambo yake, na dawa isiyomfaa humwua.

“Dawa ile ya kwanza ilimsaidia, apewe tena.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na mnyama huteseka zaidi. Tatizo likirudi, mara nyingi chanzo hakijatafutwa. Huenda kuna jiwe kibofuni. Jiwe hukichubua kibofu na kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Antibayotiki huwapunguza, mnyama anachangamka, dozi inaisha, na jiwe bado lipo palepale.

Mawe ya simbilisi kwa kawaida ni ya kalsiamu kaboneti, ambayo huonekana vizuri kwenye eksirei. Kwa hiyo kabla ya kulipia dozi nyingine, omba eksirei na kipimo cha mkojo. Mtwara kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA). Muulize daktari wako kama sampuli inaweza kupelekwa huko. Kwa eksirei huenda ukalazimika kusafiri, pengine hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ni mbali na nauli inauma, najua. Hata hivyo, kwangu mimi picha moja ni bora kuliko dozi tatu za kubahatisha. Njiani aendelee kula nyasi. Hata kabla ya operesheni simbilisi hashindishwi njaa kama mbwa: hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu linaweza kusimama kufanya kazi.

Kama ni jike, daktari akague na kizazi. Damu inayoonekana kwenye mkojo huweza kutoka huko.

“Antibayotiki ni antibayotiki, chukua yoyote duka la pembejeo.”

Hapana kabisa. Penisilini, amoksisilini na ampisilini huua bakteria wema wa tumboni mwake, wabaya wakazaliana na kumwaga sumu, naye akafa kwa kuhara ndani ya siku chache. Ile sindano ya penisilini na streptomaisini wanayochomwa ng'ombe asiikaribie. Madaktari hutumia zaidi mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, au enrofloksasini, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Muulize daktari jina la dawa kabla hajachoma. Si utovu wa adabu. Uliza pia dawa ya maumivu, kwa sababu simbilisi anayelia akikojoa ataacha kula, na kuacha kula kunaweza kumwua kabla ya jiwe.

“Mkojo mweupe ni usaha.”

Si lazima. Simbilisi hutoa kalsiamu ya ziada kwa njia ya mkojo, hivyo ukungu kidogo ni kawaida. Cha kutia shaka ni chengachenga kama mchanga, damu, au manyoya ya nyuma kulowa muda wote.

“Maji ya dafu yatayeyusha mawe.”

Hakuna kinywaji wala mtishamba unaojulikana kuyeyusha mawe haya. Jike mwenye jiwe dogo anaweza kulitoa mwenyewe, au daktari akalivuta bila kupasua. Jiwe lisilotoka kwa njia hizo huhitaji operesheni. Nayo haizuii mawe kuota upya, na daktari mkweli atakuambia hivyo mapema. Kwa mnyama mzee, mwenye mawe hadi kwenye figo, kumpunguzia maumivu au kumlaza kwa heshima, yaani daktari amwue bila maumivu, ni uamuzi wa huruma, na asikuone mtu hujampenda.

“Mpe mchicha kwa wingi, una vitamini.”

Mchicha una kalsiamu na oksaleti nyingi. Majani ya mlonge na lusina yana kalsiamu nyingi. Chakula chake kikuu kiwe nyasi, na maji safi yasikauke. Vitamini C anaihitaji kweli, kwani mwili wake hauitengenezi: miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Pilipili hoho humpa bila kumjaza kalsiamu. Msimu wa korosho, kipande kidogo cha bibo pia kina vitamini C nyingi, ila kisizidi kwa sababu ya sukari. Vidonge vya watu vilivyochanganywa na kalsiamu usimpe.

“Tusubiri hadi Jumatatu.”

Dume anayejikamua bila kutoa hata tone huenda jiwe limeziba mrija wa mkojo. Huyo hasubiri, mpigie daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.