Roma haikuzimika mwaka 476

Wengi tumekaririshwa kwamba mwaka 476 washenzi waliivamia Roma, dola ikaanguka na giza likatanda Ulaya. Sivyo. Mwaka ule Odoacer, jemadari wa jeshi la Roma lenyewe, alimvua madaraka Romulus Augustulus, kijana aliyekuwa kaizari kwa jina tu. Hakumuua, alimpa posho na kumpeleka Campania, kusini mwa Italia. Mavazi ya kifalme yakatumwa Konstantinopoli kwa Zeno, kaizari wa Roma ya mashariki. Seneti iliendelea kukaa, kodi zikakusanywa, na Warumi wakahukumiwa kwa sheria zilezile.

Aliyemfuata Odoacer kuitawala Italia, Theodoric, mfalme wa Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani, aliukarabati mji: matofali yaliyogongwa muhuri wa jina lake yamepatikana Roma. Makonsuli, wenye cheo cha juu cha kale cha Roma, nao waliendelea kuteuliwa hadi 541.

Kilichoivunja Italia hasa ni vita vya 535 hadi 554, na aliyevianzisha ni Justinian, kaizari wa Roma ya mashariki, akitaka kuirudisha mikononi mwake. Mwaka 537 Wagothi walioizingira Roma walikata mifereji iliyoleta maji mjini, na mabafu makubwa ya umma yakakauka. Mimi ningekuwa mwalimu, mwaka huo ndio ningeuandika ubaoni.