Mara elfu ya nini?

Nimeletewa tena ile habari. Jamaa kaandika kitanzi (amri zinazojirudia) cha lugha ya programu ya Python kinachojumlisha namba zote zilizo chini ya milioni 100, kakikompaili (kukitafsiri kuwa lugha iliyo karibu zaidi na mashine) kwa zana iitwayo Cython, kaja mbio: "Mzee, kasi imepanda mara elfu!" Sasa anataka mfumo mzima wa SACCO ukompailiwe.

Python hukompailiwa tayari, hadi baitikodi, amri za kati ambazo Python yenyewe huzisoma. Ndizo zile faili za .pyc. Ubishi ni wa kushuka hadi lugha ya mashine: Cython hufanya hivyo kabla programu haijaanza, zana nyingine kama PyPy na Numba huku inakwenda. Tuendelee.

Hiyo mara elfu. Ukishatangaza aina za vigeu, Cython inatoa msimbo wa lugha ya C, na clang, kikompaili cha C, ikikiona kitanzi cha namna hiyo inakifuta chote na kuweka fomula, n(n−1)/2. Kwa hiyo umepima kitanzi ambacho hakipo! Zidisha n mara kumi uone: muda ukibaki pale pale, shtuka. Na jibu lenyewe umelitazama? Jumla sahihi ni 4,999,999,950,000,000. Int ya biti 32, nafasi ya kawaida ya namba nzima katika C, inaishia 2,147,483,647. Python huikuza namba kadiri inavyohitajika. C ikipita kikomo inafurika kimya kimya, na jibu linakuwa la uongo. Kwa shilingi za Uganda, bilioni mbili na ushee si fedha za ajabu kwenye vitabu vya SACCO. Anza kulinganisha majibu, ndipo ushike saa.

Haya, tuseme kipimo ni halali. Ombi moja kwenye seva linatumia asilimia 90 ya muda wake kusubiri hifadhidata na jibu la mobile money. Ile 10 iliyobaki ukiiharakisha mara 50, mteja anapunguziwa muda usiofika asilimia 10. Umefunga injini mpya kwenye matatu iliyokwama foleni ya Jinja Road. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alishalisema hili mwaka 1967, na lugha ya PHP, toleo la 8.0, ilipoleta JIT (kukompaili huku programu inakwenda) mwaka 2020, waliotegemea WordPress, mfumo wa tovuti ulioandikwa kwa PHP, ipae waliambulia kidogo sana.

Numba nayo: mwito wa kwanza unabeba muda wa kukompaili, basi watu wanautupa na kuhesabu iliyobaki. Mimi hutupa kadhaa, ila nikiulizwa kwa nini kadhaa na si mia, sina jibu la kujivunia. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta programu ambazo hazitulii kabisa, na nyingine zinazozidi kuwa nzito baada ya kupashwa moto, yaani baada ya hiyo miito ya mwanzo. Vitabu huchora mstari wa muda unaoshuka kisha unalala. Mistari mingi hailali.

Je, uchukue muda mdogo kuliko yote au ule wa katikati? Kwa funksheni fupi nachukua mdogo, kama timeit, zana ya Python ya kupima muda, inavyoshauri. Kwa seva sikubali, maana mteja hakutani na siku yako nzuri kuliko zote. Tena timeit huzima ukusanyaji taka (usafishaji wa kumbukumbu isiyotumika tena) usipoiambia vinginevyo, kwa hiyo msimbo unaomwaga vitu kwenye kumbukumbu unaonekana malaika.

Na umeme. Ukikatika katikati ya kipimo, laptop inahamia betri na prosesa inaweza kupunguza kasi. "Kabla" ilipimwa kwa umeme, "baada" kwa betri, au kinyume chake, halafu unaniletea grafu. Pima kwa kupokezana, ya zamani, mpya, ya zamani, mpya, chaja ikiwa imechomekwa. Kuhusu ule mfumo wa SACCO, endesha cProfile, zana ya Python inayoonyesha muda unaishia wapi, kwanza uniletee matokeo yote, hata kama yanaonyesha tatizo ni kweri (swali kwa hifadhidata) isiyo na indeksi.