Leseni ya Programu Huria na Dhamana ya Hazina ya Vifurushi

Programu huria ni ile ambayo mwenye hakimiliki ameruhusu kwa maandishi kwamba watu waitumie, wauchunguze msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtengenezaji, waubadilishe na kuusambaza. Ruhusa hiyo ya maandishi ndiyo leseni. Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni si huria hata kama kila mtu anaweza kuusoma, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, hakimiliki humlinda mwandishi bila kusajiliwa popote.

Hazina ya vifurushi ni mkusanyiko wa programu zilizoandaliwa tayari kusakinishwa kwa amri moja. Kijana anayetengeneza mfumo wa hesabu kwa wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huandika mwenyewe sehemu ndogo tu ya msimbo. Iliyobaki huichota hazinani, na kila kifurushi huja na vingine kinavyovitegemea. Leseni zote hizo hatazisoma. Anamwamini aliyezisoma kabla yake, ikiwa kweli yupo.

Katika npm, hazina ya vifurushi vya lugha ya JavaScript, yeyote mwenye akaunti hupakia kifurushi, na leseni ni ile aliyoitaja mwenyewe. Debian, mradi wa mfumo endeshi huria ulioanzishwa mwaka 1993, hufanya vingine: kifurushi kipya hukaa foleni hadi wenye dhamana wakague hakimiliki na leseni za mafaili yake, wakiyapima kwa mwongozo uliopitishwa mwaka 1997. Kazi hiyo ni ya kuchosha na haionekani, nami naiheshimu sana.

Ukali wake unaonekana katika leseni iitwayo JSON, yenye sharti kwamba programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Ni maneno mazuri, lakini Debian haiihesabu leseni hiyo kuwa huria, kwa sababu mwongozo wake hauruhusu kubagua matumizi, na hakuna ajuaye ni nani atakayeamua kipi ni uovu. Kwa msingi huohuo hukataliwa leseni inayozuia matumizi ya kibiashara. Kama ingekubaliwa, mfumo wa wale wauza dagaa ungevunja sheria siku ya kwanza.

Matokeo ya ukaguzi huo yamo ndani ya kompyuta yenyewe. Mwenye Debian, au Ubuntu iliyojengwa juu yake, akifungua faili la /usr/share/doc/bash/copyright atakuta kwamba Bash, programu ya kupokea amri za mtumiaji, iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3 au la baadaye: akiibadilisha na kumpa mteja, lazima msimbo nao upatikane kwa masharti yaleyale. Leseni ya MIT hudai kidogo tu, yaani tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe vibaki.

Leseni safi, hata hivyo, haithibitishi usalama. Mwaka 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, uliopenyezwa na mtu aliyekwisha kuaminiwa kuutunza mradi huo. Leseni haikuwa na kasoro yoyote. Freund alianza kuchunguza baada ya kuona kuingia kwa SSH, njia ya kufikia kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa kuliko kawaida, kabla matoleo hayo hayajafika kwenye toleo thabiti la Debian.