Kubadilisha gripu na shafti ya fimbo ya gofu ni kufanya nini hasa?

Fimbo ya gofu ni vitu vitatu vilivyounganishwa kwa gundi: kichwa kinachopiga mpira, shafti, yaani ule ufito mrefu wa feleji au grafaiti, na gripu, ile raba ya kushikia. Kubadilisha ni kuachanisha viungo hivyo na kuviunga upya. Watu huzitaja kazi hizi mbili kwa pumzi moja, lakini gripu inasamehe makosa, shafti haisamehi.

Tuanze na gripu. Raba ikizeeka hukauka na kung'aa, na mchezaji huanza kuibana kwa nguvu bila kujijua. Ya zamani hupasuliwa kwa kisu chenye ncha ya ndoano, makali yakielekea nje, hasa kama shafti ni ya grafaiti, maana mkato mmoja wa kina huharibu nyuzi zinazoibeba. Ukishakwangua utepe wa zamani, zungushia mpya wenye gundi pande mbili. Kisha ziba kwa kidole kile kitundu cha mwisho wa gripu, mimina tapentaini ndani, tikisa, halafu mwagia yote juu ya utepe. Gundi iliyolowa huteleza kama sabuni. Hapo sukuma gripu mara moja hadi mwisho. Ukisita katikati inagoma. Baada ya hapo una muda mfupi wa kuizungusha hadi alama zake zilingane na uso wa kichwa. Ikienda upande, ichomoe urudie. Tapentaini ikikauka, gundi inashika.

Kuna jambo moja dogo la vipimo: gripu huandikwa 58 au 60, yaani inchi 0.580 au 0.600, kulingana na unene wa shafti kwa juu. Ya 58 ikivalishwa shafti ya 60 hutanuka, na mkononi itaonekana nene kuliko ilivyoandikwa.

Shafti ni habari nyingine. Huku chini imechomekwa kwenye shingo ya kichwa na kushikwa kwa gundi ya epoksi, ambayo hulegea ikipata moto. Shafti ya feleji unaweza kuipasha moto shingoni, ukaizungusha na kuichomoa. Ya grafaiti usiizungushe kamwe: nyuzi zake zimeshikwa na utomvu unaoungua kwa moto uleule, kwa hiyo inahitaji moto mdogo na kifaa cha kuivuta ikiwa imenyooka. Kama huna kifaa hicho, mpelekee fundi.

Kabla ya kununua shafti mpya, pima ncha. Za fimbo za chuma, yaani zile za kichwa chembamba ziitwazo kwa Kiingereza irons, huwa inchi 0.355, zinazochongoka, au 0.370, zilizo sawa. Za draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mara nyingi ni 0.335. Tofauti ni ndogo, lakini nyembamba ndani ya shingo pana hubaki ikiegemea gundi tupu. Sugua ncha kwa msasa hadi mng'aro uishe, safisha ndani ya shingo, paka epoksi pande zote, kisha iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Nyingi ni saa 24. Ukiwahi kupiga, kichwa kinaweza kuchomoka na kuruka na mpira. Na herufi za ugumu wa shafti, R (ya kawaida), S (ngumu) na nyinginezo, hazina kipimo cha pamoja: S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko R ya nyingine.

Gripu huvalishwa mwisho kabisa, fimbo ikishakatwa urefu wake. Uzito wake nao una kazi. Mafundi hupima mlingano wa fimbo wakiiegemeza inchi 14 kutoka mwisho wa gripu, na matokeo husomeka kama D1, D2, D3. Gripu ikizidi ile ya zamani kwa gramu nne au tano, kipimo hushuka hatua moja, na kichwa ambacho hukukigusa kitaonekana chepesi. Kwa hiyo vile vipande vya gripu uliyoipasua, viweke kwanza kwenye mizani, ndipo uvitupe.